Mwenda Wazimu ni wa Nani?

Asubuhi moja katika barabara ya River Road mjini Nairobi, nilimwona mtu mwenye nguo tambara akihutubia hewa. Wapita njia walimcheka, nami nilicheka. Kisha mama mmoja muuza chai alimwita kwa jina lake, akampa kikombe na andazi, akamwuliza habari za usiku. Mtu yule alijibu kwa adabu, akaketi akanywa. Kicheko kilinikauka kinywani, swali likanibakia: mtu akipotewa na akili, je, amepotewa pia na utu?

Swali hilo ni la zamani mjini humo. Mwaka 1910 serikali ya kikoloni ilifungua nyumba ya wenda wazimu mahali walipokuwa wakitengwa wagonjwa wa ndui. Mwaka 1924 ikaitwa Hospitali ya Mathari. Wagonjwa waligawanywa kwa rangi: Wazungu, Waasia na Waafrika. Tangu mwaka 1938 iliongozwa na Daktari J. C. Carothers, ambaye hakuwa amesomea magonjwa ya akili alipokabidhiwa kazi hiyo. Katika kitabu kilichotolewa na Shirika la Afya Duniani mwaka 1953, alifananisha akili ya Mwafrika na ya Mzungu aliyepasuliwa ubongo.

Ni rahisi kumlaumu daktari huyo, na lawama yamstahili. Lakini yeye aliona rangi kabla ya mtu. Sisi wa River Road tuliona wazimu kabla ya mtu. Je, tumempita kwa nini?

Yupo atakayesema kuwa mwenda wazimu aweza kudhuru, basi na atengwe. Kumzuia mgonjwa asidhuru ni wajibu. Kumsahau baada ya kumzuia ni dhuluma. Mathari haikugeuka mahame. Ingali inatibu wagonjwa hadi leo. Anayeachwa ni mgonjwa, ambaye jamaa humpeleka, wakaogopa kumtembelea, naye akipona hana wa kumpokea. Nyumba ikiachwa huota magugu. Mtu akiachwa huota upweke, na upweke ni ugonjwa wa pili, ambao dawa yake haimo katika chupa ya daktari.

Wahenga walisema: hujafa hujaumbika. Enyi vijana, akili mnayoitumia kusoma ukurasa huu hamkuinunua, wala hamkupewa hati ya kuimiliki milele. Basi mkikutana na aliyepotewa na yake, msiulize kwanza ana nini. Ulizeni anaitwa nani.