Mchunga Ng'ombe Hutembea Nyuma

Kamba ya kuvutia gari ilikuwa kwenye buti langu. Sanduku la huduma ya kwanza lilikuwa chini ya kiti changu. Karatasi ya namba za simu za madereva wote ilikuwa kwenye dashibodi yangu, na bahasha ya michango mfukoni mwangu. Mimi mwenyewe nilikuwa majini, kati ya Kisorya na Rugezi, navuka kwenda Ukerewe kula sato. Gari lililohitaji kamba ile lilikuwa mtaroni, upande wa Kibara, pua chini, gurudumu moja hewani.

Ilikuwa Agosti 2019, Jumamosi iliyofuata Nane Nane. Kisa hiki nimekinyamazia kwa aibu. Nakisimulia sasa kwa sababu kila mwisho wa mwezi naona vijana wa Mwanza wanaopenda magari wakijipanga kwenye vituo vya mafuta vya Nyakato na Buhongwa, bendera kwenye vioo, mratibu wao mbele kabisa na funguo mkononi. Nikimwona, najiona.

Tulikuwa magari 11. Subaru mbili zenye ekzosi za kuamsha mtaa, Altezza nyekundu iliyoshushwa hata chupa ya soda isingesimama chini yake, Mark X, Crown na nyinginezo, Land Cruiser yangu kuukuu, na IST ya dada mmoja muuguzi. Sikumpangia mtu nafasi. Nilisema tu, "Mimi natangulia, nifuateni." Yule dada akajikuta wa mwisho kwa sababu hakuna mwingine aliyetaka kuwa wa mwisho.

Tulikubaliana kuondoka saa 12 asubuhi. Saa 12 tulikuwa wanne. Waliobaki walikuja mmoja mmoja, wengi wakiwa na tangi tupu, wakapanga foleni kwenye pampu moja. Mmoja alirudi nyumbani kufuata spika. Tulitoka mjini saa 4 kasoro, na zaidi ya kilomita 200 zilikuwa bado zinatungoja: Kisesa, Nyanguge, Magu, Lamadi, Bunda, kisha kuchepuka kushoto kuelekea Kibara na Kisorya, kwenye kivuko.

Kosa la kwanza sikuliona, kwa kuwa lilikuwa linatendeka nyuma yangu. Chukua tuta moja la barabarani. Mimi nalipanda polepole, nashuka, nakanyaga mafuta. Dakika hiyo gari la 11 hata halijalifikia. Likishalivuka, mimi nimeshapotea, nalo linanitafuta. Nikienda 80, wa nyuma anakimbiza 110 ili asiachwe. Sasa hesabu matuta yote ya Kisesa mpaka Magu, ongeza kila lori ambalo mimi nimelipita na wenzangu wamebaki nyuma yake wakisubiri nafasi. Nilijiona naendesha kistaarabu, kumbe mkia wangu ulikuwa mbioni tangu asubuhi.

Magu trafiki walikuwa na tochi. Mimi nilipita salama ndani ya 50. Magari matatu ya nyuma yakasimamishwa, kila moja likaandikiwa faini ya 30,000. Niliposimuliwa Bunda, nilicheka na kuwaambia wajifunze kuendesha.

Kabla ya Bunda tulisimama karibu na geti la Ndabaka, pale hifadhi ya Serengeti inapoigusa barabara, watu wapige picha za nyani. Picha zikala saa nzima. Saa 9 alasiri ndipo nikakumbuka kivuko cha mwisho. Nikawaambia, "Tukazane." Neno hilo moja ndilo ninalojutia kuliko yote.

Wakati huo njia ya Kisorya ilikuwa na kipande kirefu cha changarawe, na Agosti vumbi lake halina mfano. Sisi wa mbele tulikuwa na barabara. Wa nyuma walikuwa na ukuta wa vumbi. Namba saba, mojawapo ya zile Subaru, aliwasha indiketa akalipita lori la marobota ya pamba. Namba nane alikuwa Altezza. Hakuona barabara, aliona indiketa ya mwenzake, akadhani njia ni nyeupe. Ndani ya vumbi akakutana uso kwa uso na bodaboda mwenye gunia la dagaa.

Alikanyaga breki, changarawe ikamtelezesha, gari likageuka na kuingia mtaroni. Bodaboda alijitupa kichakani akatoka na michubuko. Dagaa wake wakatapakaa barabarani kama wameanikwa. Dereva wa Altezza kifundo cha mkono kilivunjika. Sampu ya oili ilipasukia jiwe.

Mimi nilikuwa nimeshafika Kisorya. Hata mwaka ulikuwa haujatimia tangu kivuko cha MV Nyerere kipinduke karibu na Ukara, tarehe 20 Septemba 2018. Chombo kilichosajiliwa kubeba abiria 101 kilipoteza watu zaidi ya 220. Msimu ule hakuna aliyefanya mzaha na hesabu kwenye maji yale. Mhudumu wa kivuko alihesabu watu kwa sauti, akahesabu magari, akanigeukia.

"Kaka, kundi lenu mko magari mangapi?"

"Kumi na moja."

"Mbona nayaona sita?"

"Wengine wako nyuma, wanakuja."

Akatazama barabara tuliyotokea. Vumbi letu lilikuwa limeshatua, na hapakuwa na vumbi jingine linaloinuka nyuma yake.

"Wangojeeni."

"Si umesema hii ndiyo safari ya mwisho leo? Tukiwangoja tutalala huku."

"Mtalala huku," akasema, "lakini mtalala wote."

Nilikuwa nimeagiza sato wa watu wote Nansio. Nikapandisha gari.

Katikati ya maji simu ikashika mtandao, ujumbe ukaingia mfululizo. Wa kwanza: Altezza iko mtaroni. Wa pili: kamba iko wapi? Wa tatu: wewe uko wapi? Kivuko hakigeuki kwa sababu ya ujumbe wa simu. Usiku ule nililipia sahani zote, na sahani za wale watano zilibaki mezani hazikuguswa.

Yaliyotokea kule nilisimuliwa kesho yake. Pembetatu za tahadhari zilipatikana kwenye gari moja tu, wakakata matawi ya miti wakayatandaza barabarani pande zote mbili. Yule dada wa IST alikunja gazeti mara kadhaa, akaufunga nao mkono uliovunjika, akauning'iniza shingoni kwa kanga yake. Walichangishana kumlipa bodaboda dagaa wake, maana bahasha ilikuwa imevuka maji. Halafu wakakaa wakilitazama gari wasiloweza kulitoa.

Jioni akaja mzee mmoja na maksai wanne na mnyororo wa plau.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, wanangu. Poleni. Mkubwa wenu yuko wapi?"

"Ametangulia, mzee."

Mzee alifunga mnyororo, akawasemesha ng'ombe wake, gari likapanda kutoka mtaroni. Alipomaliza ndipo akalirudia lile jibu, kana kwamba lilikuwa limemkwama kooni. "Ametangulia? Mimi nina ng'ombe arobaini. Sijawatangulia hata siku moja. Ukitangulia, utamjuaje anayechechemea?"

Asubuhi tulirudi na kivuko cha kwanza. Nilimkuta yule dada ameketi kwenye bampa ya IST, macho mekundu kwa kukesha na mgonjwa. Nikatafuta la kusema, nikasema lile tunalolisema wote: "Ndiyo hivyo, ajali haina kinga."

"Kinga ilikuwa kwenye buti lako," akanijibu.

Tunaopenda magari tunapenda kujifananisha na madereva wa Safari Rally, mbio zilizoanza 1953 na kwa miaka mingi zikapita Kenya, Uganda na Tanganyika. Tunamtaja Joginder Singh aliyeshinda mara tatu. Tunasimulia mwaka 1963, na tena 1968, ambapo magari saba tu ndiyo yaliyofika mwisho. Hatuulizi juu ya yale yasiyofika. Mbio za namna hiyo zina watu wa vituoni wanaoandika kila gari linalopita na saa lilipopita, na nyuma ya wote hupita gari la kufagia njia, kuhakikisha hakuna aliyesahauliwa porini. Sisi tuliiga ekzosi na stika, tukaiacha kalamu na gari la kufagia.

Kwa hiyo mratibu wa msafara na akae nyuma. Mbele awekwe dereva mpole anayeijua njia, na kila dereva awe na ratiba kwenye karatasi, maana mtandao hukatika. Kamba, jeki, kizima moto, sanduku la dawa, fedha za dharura, vyote viende na gari la mwisho, kwa sababu hilo peke yake ndilo litakalopita mahali popote mwenzake alipokwama. Gari la kwanza likiwa na kamba, kamba hiyo ni ya gari la kwanza tu.

Kila dereva apewe mtu mmoja wa kumlinda: aliye nyuma yake. Ukifika njia panda, kama pale Bunda, simama mpaka uhakikishe amekuona unavyokata. Asipotokea, usiondoke. Wa mbele yako naye atakukosa, atasimama, na habari itapanda hivyo hivyo mpaka kwa kiongozi bila simu ya mtu. Sheria hii ni rahisi na haigharimu senti. Tungekuwa nayo, nisingeweza kufika Kisorya na magari sita.

Magari yakizidi sita, yagawe makundi mawili, yapishane robo saa, kisha yakutane mahali palipotajwa kwa jina. Anayetangulia aende chini ya mwendo unaoruhusiwa, ili wa mwisho aweze kumfikia bila kuvunja sheria. Kwenye vumbi, ongeza nafasi mpaka uione barabara yenyewe. Na usipite gari kwa macho ya mwenzako. Indiketa yake inakueleza anachofanya yeye. Haikuelezi kinachokuja mbele.

Saa nazo zipangwe kutoka mwisho kuja mwanzo. Uliza kivuko cha mwisho kinaondoka saa ngapi, au jua linazama saa ngapi, toa muda wa safari yenyewe, toa na saa mbili za pancha na picha, ndipo upate saa ya kuondoka Mwanza. Kila mtu aje na tangi limejaa, bima hai, spea yenye upepo. Anayechelewa aachwe mjini, kwa maana kumwacha mjini ni salama kuliko kumwacha Kibara usiku. Bia isubiri mpaka safari ya siku hiyo iishe.

Siku hizi misafara mingi inaelekea upande wa pili, Sengerema na Geita. Tangu 19 Juni 2025 lipo Daraja la J.P. Magufuli, kilomita 3 kutoka Kigongo hadi Busisi, na mtu anavuka kwa dakika chache mahali ambapo zamani alingoja kivuko kwa saa nzima au zaidi. Ni neema kubwa, wala simkumbuki mtu aliyekipenda kile kivuko. Lakini kilikuwa na jambo moja: kilimsimamisha kila mtu. Pale Kigongo msafara ulilazimika kujikusanya, watu wakashuka, wakanunua mahindi ya kuchoma, wakatazamana, wakajua nani hayupo. Daraja halimsimamishi mtu. Aliyetangulia anaweza kufika Sengerema bila kugeuza shingo. Kazi ya kujihesabu, ambayo zamani ziwa lilitufanyia kwa lazima, sasa ni yetu. Simameni kabla ya daraja, nje ya barabara, mhesabiane. Mkivuka, simameni tena, mhesabiane. Juu ya daraja msisimame, hata jua likizama kwa uzuri gani.

Dereva wa Altezza alipona, ingawa mkono wake wa kushoto bado humuuma akibadilisha gia muda mrefu. Gari aliliuza. Kundi letu lilivunjika, likaundwa upya na watu wachache. Yule dada wa IST ndiye mwenyekiti, na sheria aliyoiweka kwanza inasema hivi: kabla ya kuulizana tunakwenda wapi, tunaulizana nani atakaa nyuma.

Nawe uliyeombwa kuandaa msafara wa mwisho wa mwezi, uliza hivyo hivyo. Akipatikana mtu makini, mpe kamba na bahasha, umshukuru mbele ya wote. Asipopatikana, kaa nyuma wewe. Na kama nawe huwezi kuvumilia kufika wa mwisho, ahirisha safari.