Je, Ni Upuuzi Kumhesabu Sange?

Liko swali lililozuka katika baraza yetu usiku mmoja baada ya sala ya Isha, na tangu siku hiyo halijatutoka moyoni. Kijana mmoja katika wanafunzi wa darasa letu alitueleza kuwa likizo yake yote, siku ishirini, aliipitisha ndani ya msitu wa Arabuko-Sokoke, baina ya Kilifi na Malindi, akifuatana na watafiti wanaohesabu wanyama walio katika hatari ya kutoweka. Mshahara hakupewa, na chakula alijinunulia mwenyewe. Akamtaja mnyama aliyekuwa akimtafuta, naye ni sange.

Mzee mmoja aliyekuwapo, mtu tunayemheshimu kwa umri wake na kwa ukarimu wake kwa mayatima, alimtazama kisha akamwambia, "Mwanangu, mtaani kwetu wamo watoto wanaolala na njaa, na wamo wajane wasio na wa kuwachotea maji. Wewe umewapita hao wote ukaenda kuhesabu panya?" Watu wakacheka. Kijana aliinama asijibu, kwani adabu haikumruhusu kujibizana na mtu wa rika la babu yake.

Sisi twaona kuwa swali la mzee lastahiki jibu, wala kicheko cha baraza si jibu. Hoja yake ina pande mbili. Kwanza: mnyama asiyefugwa wala kubeba mzigo ana haki gani juu yetu? Pili: hata akiwa na haki, je, haki ya binadamu haitangulii?

Kabla ya kuhukumu, yafaa tumjue anayehukumiwa. Sange si panya. Wataalamu waliochunguza nasaba za wanyama wameona kuwa ukoo wake uko karibu zaidi na ndovu, pimbi na nguva kuliko panya. Huyu wa kwetu ana ukubwa wa sungura mdogo, pua ndefu iliyochongoka, miguu myembamba, na nyuma juu ya mkia wake pana manyoya ya rangi ya dhahabu. Hutembea mchana akifukua majani makavu kutafuta wadudu na minyoo, na usiku hulala katika kiota cha majani alichokijenga chini. Dume na jike hukaa wawili wawili katika eneo lao na kulilinda. Duniani kote hapatikani ila katika misitu michache ya pwani ya Kenya, na makao yake makubwa ni huo Arabuko-Sokoke, wenye ukubwa wa yapata kilomita za mraba 420. Adui zake ni mitego ya kamba, mbwa wa wawindaji, na shoka linalopunguza msitu mwaka baada ya mwaka. Akitoweka hapa, ametoweka ulimwenguni.

Na aliyekwenda Gede huenda alimuona bila ya kumjua. Mji ule wa Waislamu uliachwa na watu wake katika karne ya 17, msitu ukaumeza, na mwaka 2024 ukaingizwa katika orodha ya urithi wa dunia. Pale palipokuwa msikiti na visima na majumba ya wazee wetu, leo sange hufukua majani. Mji uliohamwa waweza kujengwa mahali pengine, na watu wa Gede bila shaka walijenga kwengine. Lakini ni fundi gani atakayemjenga sange?

Sasa tuje kwenye upande wa kwanza wa hoja. Kama haki ya kiumbe ingepimwa kwa faida yake kwetu, basi punda mzee angestahiki kutupwa barabarani siku aliyoshindwa kuvuta mkokoteni. Dini yetu haikukubali hivyo. Sheikh Izzuddin bin Abdis-Salaam, aliyefariki mwaka 660 wa Hijra, yaani 1262, aliandika kuwa mwenye mnyama yampasa kumlisha hata akiwa mzee au mgonjwa asiyetarajiwa faida tena. Huenda mtu akasema, "Huyo ni mnyama mwenye bwana. Sange bwana wake ni nani?" Twajibu: mnyama asiye na bwana katika watu hakukosa mwenyewe, kwani Aliyemuumba ndiye mwenye milki. Mali ya mwenyewe asiyekuwapo machoni huitwa amana, na amana haipungui uzito kwa kuwa aliyewekewa haioni faida yake.

Upande wa pili ndio mzito zaidi, na hapa mzee ana haki nusu ya alilosema. Mtu aliyemuacha mama yake bila ya chakula akaenda kulinda ndege msituni, huyo amekimbia wajibu kwa kujificha nyuma ya wema. Wajibu una daraja: kwanza walio chini ya mkono wako, kisha jirani, kisha walio mbali. Kijana wetu, hata hivyo, hakuacha mtu nyuma yake mwenye njaa, na alikwenda kwa idhini ya wazazi. Tena tujiulize kwa insafu: wangapi katika sisi tuliocheka hutumia likizo zetu kuwachotea wajane maji? Mwenye kumlaumu aliyekwenda msituni kwa jina la maskini, naye mwenyewe alikuwa barazani, huyo amewafanya maskini kuwa hoja tu. Mzee wetu hamo katika hao, kwani yeye mkono wake hutoa. Sisi wengine ndio tunaostahiki kuona haya.

Zaidi ya hayo, si kweli kuwa haki ya mnyama na haki ya maskini zagombana daima. Ukingoni mwa msitu ule wanakaa wakulima wanaohitaji kuni, miti ya kujengea na ardhi ya kulima, na kila mwaka huzuka maneno: wengine wasema msitu ukatwe, wengine wasema wanakijiji wafukuzwe. Asiye na hesabu ya kweli hujua nini katika hayo? Atasema kwa kukisia, na kisio lake litamdhulumu mmojawapo, mnyama au mkulima. Tangu mwaka 1993 wako wanavijiji wa karibu na Gede wanaofuga viwavi vya vipepeo wa msitu huo na kupata fedha kwa kuuza buu zao ng'ambo, nao wamekuwa na sababu ya kuutaka msitu ubaki. Njia kama hiyo haikupatikana kwa kelele. Yatakiwa kwanza mtu akae chini, aangalie kiumbe gani anaishi wapi na anakula nini. Basi kumhesabu sange ni kutafuta ushahidi, na hapana hukumu ya haki pasipo ushahidi.

Wala elimu hii si ya wageni peke yao. Al-Jahiz wa Basra, aliyefariki mwaka 255 wa Hijra, alitunga Kitabu cha Wanyama, na ad-Damiri wa Misri akatunga chake katika karne ya nane ya Hijra. Leo watu wa Ulaya hujilipia nauli kuja kutembea katika msitu ulio mlangoni petu, na sisi tukisikia bundi usiku twasema ni nuhusi! Katika msitu huo huo yuko bundi mdogo ambaye wataalamu walimtambulisha kwa ulimwengu mwaka 1966, na nje ya pwani yetu hakujulikana ila chini ya milima ya Usambara. Mgeni avuka bahari kuja kumsikiliza, na mwenyeji aziba masikio.

Limebaki jambo moja, nalo ndilo lililotufanya tushike kalamu. Tulimuuliza kijana kazi yenyewe ilikuwaje. Akasema kuwa kila alfajiri alipewa njia yake katika msitu, aitembee polepole peke yake, na kila amuonapo sange aandike saa, mahali, na umbali baina ya mnyama na njia. Siku nyingi hakuona kitu. Asubuhi moja, baada ya siku tano za bure, alisikia majani yakivuma, akageuka, asione mnyama. Nafsi ikamwambia: "Andika mmoja. Nani atajua? Na hao watafiti watafurahi." Akashika kalamu, kisha akaandika: sifuri.

Ndugu msomaji, katika sifuri ile mna somo kubwa. Angeandika uongo, asingemdhuru mtu aliye mbele ya macho yake. Lakini hesabu ya uongo ingeingia katika vitabu, na siku moja mtu mwenye madaraka angesema, "Wanyama wangali wengi, kateni." Shahidi wa uongo ni shahidi wa uongo, akiwa mbele ya kadhi au mbele ya mti. Na mahali ambapo hapana jicho la mtu ndipo mtu hujijua kuwa ni mkweli au ni mwenye kuogopa watu tu.

Mzee aliposikia habari hiyo alinyamaza kitambo. Kisha akasema, "Mimi nasalia na neno langu kuhusu wajane. Lakini ikiwa alikwenda huko akafunzwa kuandika 'sikuona' pale ambapo hapana amuonaye, hakupoteza siku zake." Akamtaka kijana, siku ya Jumamosi, amfuate kwenda kuandika majina ya wajane wa mtaa na haja zao, "kwa hesabu hiyo hiyo isiyozidisha wala kupunguza." Kijana alikubali, na walikwenda.

Nasi twawausia vijana wetu: anayeweza kwenda msituni na aende, baada ya kutimiza haki za nyumbani kwake na kuwapa heshima wenyeji wa vijiji atakavyopitia. Asiyeweza, asimcheke aliyekwenda. Na Mwenyezi Mungu ndiye ajuaye zaidi.