Haki ya Sikio

Anayeunda kompyuta yake ya mezani hufika mapema kwenye uamuzi ambao wengi huuita suala la ladha tu: achague kasha lipi? Dukani yamepangwa makasha yenye vioo mbele na ubavuni, na feni zinazowaka rangi zote za upinde wa mvua. Pembeni yake yapo meusi yasiyovuta jicho, yamezibwa mbele na kubandikwa sponji ndani, na sifa yake kubwa ni kwamba hayasikiki. Kwa kuwa kila mtu ana macho yake, tunaambiwa kila mmoja achukue akipendacho na mjadala uishe. Hauishi, kwa sababu uamuzi huu una uadilifu ndani yake. Jicho na sikio havidai kitu kimoja, na madai ya sikio ndiyo yanayostahili kusikilizwa kwanza.

Tuanze na jinsi chombo chenyewe kinavyofanya kazi. Umeme unaoingia kwenye kompyuta huishia kuwa joto, hivyo mashine inayotumia wati 300 inakipasha chumba kwa kiasi hichohicho. Joto hilo huondolewa na hewa, na hewa husukumwa na feni. Ukipunguza mwendo wa feni kwa nusu, hewa inayopita hupungua kwa nusu, lakini mvumo wake hushuka kwa takriban desibeli 15. Sikio la binadamu huona kushuka kwa desibeli 10 kuwa kama sauti imepungua nusu, kwa hiyo faida ya utulivu ni kubwa kuliko hasara ya hewa. Ndiyo maana feni pana ya milimita 140 inayozunguka taratibu hufanya kazi ya feni ndogo ya milimita 80 inayokimbia, tena bila makelele yake. Sasa weka kioo kizima mbele ya feni hiyo. Hewa italazimika kujipenyeza kwenye vijipenyo vya pembeni, joto litapanda ndani, na kompyuta yenyewe itaziamuru feni zikaze mwendo. Uzuri ulionunuliwa kwa kuziba hewa hulipiwa kwa kelele, na malipo hayo hayaishi maadamu mashine inafanya kazi.

Hata hivyo, hesabu hiyo inalihukumu pia kasha linalojinadi kuwa tulivu. Sponji humeza baadhi ya sauti kali, lakini uso uliozibwa huzuia hewa sawasawa na kioo, na mashine yenye kazi nzito ikishapata joto hupiga kelele nyuma ya pazia. Kuficha chanzo cha kelele na kukiondoa ni mambo mawili. Fractal Design ya Uswidi, kampuni iliyojijengea jina kwa makasha ya Define yenye vizuia sauti, mwaka 2017 ilitoa Meshify C, ambalo uso wake ni wavu mtupu. Mwaka 2022 ikatoa North, ambalo mbele lina fito za mbao zilizopangwa kwa nafasi, na hewa hupita katikati yake. Hapo pambo limekuwa ndiyo njia ya hewa. Kumbe ugomvi haukuwa kati ya uzuri na utulivu. Ulikuwa kati ya sura inayotokana na kazi ya chombo na sura iliyobandikwa juu yake.

Swali hili ni la kale kuliko umeme. Katika mazungumzo yanayoitwa Hippias Mkubwa, Plato anamweka Socrates mbele ya msomi anayependa fahari, wakijadili uzuri ni nini. Socrates anauliza: chungu cha supu kikiwa jikoni, mwiko upi unakifaa, wa dhahabu au wa mti wa mtini? Ule wa dhahabu unaweza kuvunja chungu na kumwaga supu, ilhali ule wa mti huongeza harufu nzuri. Kasha la kioo lililozibwa mbele ni mwiko wa dhahabu. Lakini Socrates mwenyewe haridhiki kwamba kufaa ndiko uzuri wenyewe, na ana haki, kwani kitu kinaweza kufaa sana na bado kikachosha macho. Hoja ya kufaa inatufikisha nusu ya njia. Nusu iliyobaki ni ya haki.

Immanuel Kant, katika kitabu chake cha mwaka 1790 kuhusu uwezo wa kuhukumu, aliulaumu muziki kwa kukosa adabu ya ujirani: huenea hadi kwa wasiouhitaji, tofauti na sanaa za macho, ambazo asiyezitaka hugeuza uso tu. Kabla yake, Qurani ilikwisha kumsimulia Luqman akimuusia mwanawe apunguze sauti yake. Hoja yao inahusu mwili wetu wenyewe: jicho lina kope, sikio halina. Taa za kasha langu humsumbua anayezitazama, lakini feni yangu humfikia aliyelala, anayesali, na anayesoma upande wa pili wa ukuta mwembamba. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 1999, lilipendekeza kelele za mfululizo zisizidi desibeli 30 chumbani mwa kulala. Pale ambapo chumba kimoja ni ofisi mchana na malazi usiku, kasha si mali ya jicho la mwenyewe peke yake.

Atasema mtu: vaa vipokea sauti vya masikioni. Hivyo humkinga mwenye kompyuta, aliyeichagua kelele, na kumwacha asiyeichagua. Mwingine atasema masikio huzoea. Ni kweli akili huacha kuutilia maanani mvumo, lakini nafuu inayohisiwa mashine inapozimwa ni ushahidi kwamba mwili ulikuwa bado unaubeba. Pingamizi zito zaidi ni la kidini: hadithi ya Mtume inafundisha kwamba Mungu anapenda uzuri, basi kwa nini mtu anyimwe pambo? Hanyimwi. Linalodaiwa ni mpangilio, kwamba furaha yangu isijengwe juu ya adha ya mwenzangu. Wapo pia watakaotaja Power Mac G4 Cube ya Apple, iliyotoka mwaka 2000 bila feni, nzuri kiasi cha kuingia katika mkusanyiko wa jumba la makumbusho la MoMA la New York, ila ikaachwa kuzalishwa mwaka uliofuata. Lakini Cube iliuzwa kuanzia dola 1,799 na haikuwa na nafasi ya kuongeza kadi kama minara ya kawaida. Ilionyesha kwamba ukimya kamili una gharama, wala haikuonyesha kwamba utulivu hauna maana.

Ukimya nao unaweza kugeuka kiburi. Katika joto na vumbi la Dar es Salaam au Mombasa, anayezima feni ili asisikie chochote anaiua mashine yake, na anayetumia fedha nyingi kufuta desibeli ya mwisho ameangukia fahari ileile, safari hii ya sikio. Kipimo kinachotosha ni feni isisikike zaidi ya chumba chenyewe. Kukifikia si ghali: kusafisha vumbi, kupunguza mwendo wa feni kwenye mipangilio, kuzifunga kwa vishikizo vya mpira ili zisitikise bati, na kukata bati lenye matundu madogo linaloikaba hewa mbele ya feni. Njia ya hewa ikishapatikana na majirani wakishapumzika, ladha iachwe huru. Anayependa kioo akiweke ubavuni, ambako hakizuii kitu, na taa awashe atakazo. Mbele pabaki wavu.