Hukumu ya Msomaji

Kusoma ni kukaribishwa katika nyumba ya mtu. Mgeni mwenye adabu aweza kuacha chakula kisichompendeza, lakini hakidharau kabla ya kukionja, wala hamtukani mwenyeji kwa kuwa mapishi yake si ya kwao. Je, msomaji ana wajibu kama huo mbele ya kitabu ambacho habari zake zinamshtua? Hilo ndilo swali letu.

Mwaka 2019 Marlon James, mwandishi mzaliwa wa Jamaika, alitoa Black Leopard, Red Wolf, riwaya ya watu wazima iliyo ya kwanza katika mfululizo wa vitabu vitatu. Imejengwa juu ya ngano za Afrika: mna wachawi, mna chui ageukaye mtu, na mna mtu mwenye pua ya ajabu ambaye kazi yake ni kutafuta waliopotea. Mwenye pua huyo ni mwanamume, na ampendaye ni mwanamume mwenziwe. Wako wasomaji ambao chui akigeuka mtu hawashangai, lakini pendo hilo likitajwa hufunga kitabu.

Jambo hili lafaa kufikiriwa. Watu wa Kitui na Makueni wamelelewa na hadithi za mazimwi. Profesa John Mbiti, aliyezaliwa Mulango, Kitui, mwaka 1931, alichapisha baadhi yake katika Akamba Stories mwaka 1966. Mtoto asikilizaye ngano hamkatizi bibi yake kwa kumwambia kwamba zimwi haliko. Basi kinachofunga kitabu si kushindwa kusadiki. Ni hofu: msomaji hudhani kwamba kuufahamu moyo wa mtu ni kuyakubali maisha yake yote.

Hofu hiyo haina msingi, na mila ya Wakamba yaonyesha hivyo. Katika ndoa ya iweto, mwanamke asiyejaliwa mtoto aweza kutoa mahari na kumwoa mwanamke mwingine, ili watoto watakaozaliwa wahesabiwe wa nyumba yake na jina lisipotee. Mgeni asikiapo kwamba mwanamke ameoa mwanamke, hufanya haraka. Mmoja hucheka, mwingine hudhani kwamba hao ni wapenzi. Wote wawili wamekosea, kwa kuwa hawakuuliza. Shabaha ya iweto ni uzao na urithi. Mzee wa Mwingi au wa Wote akidai asikilizwe kwanza, dai lake ni la haki. Wala kumsikiliza hakumlazimu mgeni kuoa vivyo hivyo. Iweto si sawa na pendo la wanaume wale wawili wa kitabuni. Lakini subira tunayoidai kwa ajili ya mila zetu, kwa haki gani tutawanyima wengine?

Huenda ukasema, ewe msomaji, kwamba viko vitabu vibaya. Ni kweli, na una haki ya kukikataa kitabu. Ukiona kwamba hadithi inalegea, au ukatili umezidi kiasi, au wahusika ni vinyago visivyo na uhai, sema hivyo na utoe ushahidi. Lakini kuchukia kitabu usichokisoma si hukumu. Katika kitabu cha pili cha mfululizo huo, Moon Witch, Spider King, kilichotoka mwaka 2022, msimulizi ni Sogolon, mwanamke aliyesemwa vibaya katika kitabu cha kwanza. Msomaji aliyemhukumu Sogolon kwa maneno ya shahidi mmoja analazimika kuanza upya.

Tena kumbuka kwamba hukumu yako husikiwa na watu. Dhihaka unayomtupia mtu wa kitabuni yaweza kumpata mwenzako aliyeketi dawati la pili, afichaye moyoni jambo ambalo kitabu kimelisema waziwazi. Mtu wa kitabuni haumii. Huyo huumia, na hatakuambia. Kwa hiyo soma kwanza, kisha uliza, ndipo useme. Na usemapo, chagua maneno ambayo ungeweza kuyarudia mbele ya yule yanayemhusu.