Mshindi na Kisasi

Tulipokuwa tukisoma habari za Ashuru na Babeli, swali moja lilitushika: mtu aliyeonewa, akiisha kumshinda adui yake, je, amepata ruhusa ya kumtenda kama alivyotendwa?

Wafalme wa nchi hizo mbili walishindana karne nyingi. Mwaka 689 kabla ya kuzaliwa Kristo, Senakeribu wa Ashuru aliuteka mji wa Babeli, akaubomoa, akajisifu ya kuwa ameugharikisha kwa maji. Hata mwaka 612, Wababeli pamoja na Wamedi wakauangamiza Ninawi. Kila upande ulijiona unalipa deni. Walakini deni lile halikwisha, kwa kuwa aliyelipa leo ndiye aliyedaiwa kesho.

Wala tusidhani ya kwamba mambo hayo ni ya watu wa kale tu. Sisi wa Musoma na Bunda twalitazama ziwa lile lile wanalolitazama watu wa Uganda. Mwaka 1978, mwezi wa Oktoba, askari wa Idi Amin waliingia Kagera, wakaua watu na kupora mali. Hata daraja la Kyaka likavunjwa. Kuwafukuza kulikuwa haki, maana mwenye nyumba halaumiwi kwa kumtoa mnyang'anyi. Lakini Februari 1979 jeshi letu lilipoutwaa mji wa Masaka, sehemu kubwa ya majengo yake ilibomolewa, iwe kisasi cha Kagera. Je, mwenye duka wa Masaka ndiye aliyelivunja daraja la Kyaka? Yeye naye alikuwa chini ya udhalimu wa Amin.

Mwalimu Nyerere, mzaliwa wa Butiama, alipopata habari alishtuka, akaamuru raia wa Uganda na mali zao wasidhuriwe. Jeshi likaendelea, na tarehe 11 Aprili likautwaa mji wa Kampala.

Labda mtu atasema, amri ile haikuinua hata ukuta mmoja wa Masaka. Ni kweli. Walakini ilikiri jambo ambalo Senakeribu hakulikiri, yaani haki nayo ina mpaka wake, kama nchi ilivyo na mpaka. Na anayeuvuka amekuwa mvamizi, hata kama jana alivamiwa.

Basi, ng'ombe wetu wakiibwa, tuwafuate ng'ombe, na mwizi tumpeleke barazani. Zizi la jirani yake tuliache.