Kutambuliwa Kazini

Frederick Herzberg, mwanasaikolojia wa Marekani, alieleza mwaka 1959, kutokana na utafiti uliowahoji wahandisi na wahasibu, kwamba mshahara, usimamizi na mazingira ya kazi ni mahitaji ya msingi, yaani mambo ambayo yakikosekana huzua manung'uniko lakini yakiwepo hayatoshi kuamsha ari, ilhali kutambuliwa ni miongoni mwa vichocheo vinavyomfanya mtu aipende kazi yake. Nchini Tanzania, utambuzi huo umezoeleka zaidi siku ya Mei Mosi, ambapo wafanyakazi hodari hukabidhiwa vyeti, na aghalabu fedha taslimu, mbele ya wenzao. Utaratibu huo una heshima yake, ingawa hudhoofika pale vigezo vya uteuzi visipojulikana, au tuzo inapozungushwa kwa zamu idara hadi idara, jambo ambalo watumishi huling'amua upesi kuliko viongozi wanavyodhani. Pongezi inayotolewa wiki ileile na kutaja kazi mahususi, kwa mfano ya karani aliyesawazisha hesabu za stoo zilizovurugika, haihitaji bajeti, na humweleza mhusika ni kipi hasa kilichothaminiwa. Hata hivyo, pongezi hiyo haifidii malimbikizo ya mshahara, kwa kuwa, kwa hoja ya Herzberg, mahitaji ya msingi na vichocheo havibadilishani nafasi.