Usingizi wa Nahodha

Mtu akisikia habari za binadamu aliyeizunguka dunia peke yake kwa chombo kidogo, huuliza kwanza habari za mawimbi. Huuliza papa, tufani, kiu. Mimi swali langu ni jingine, na limenikaa kichwani tangu utotoni: alilala lini?

Bahari kuu haina pa kutia nanga. Pwani utaishusha, utasikia kamba ikikaza, utajifunika shuka na kulala. Kule katikati kina ni cha maelfu ya mita, na chombo hakisimami hata ukikibembeleza. Jahazi lina mabaharia na zamu zao. Msukani mmoja akichoka anampisha mwenzake. Aliye peke yake zamu zote ni zake, ya alfajiri ni yake na ya usiku wa manane ni yake. Usiku wa kwanza atakesha. Wa pili atakesha pia, kwa kujilazimisha na kahawa. Wa tatu ataanza kusikia watu wakizungumza huko tezini. Mwisho wake atalala tu, kwa sababu mwili hauna mjadala. Tanga limejaa, giza liko mbele, na usukani hauna mtu.

Kwa hiyo ninaposoma safari hizi huruka kurasa za dhoruba. Najua ni utovu wa adabu kwa waliozipitia. Huzitafuta zile kurasa ambamo mtu anafunga usukani kwa kamba, anatazama pande zote mara ya mwisho, kisha anashuka chini.

Nilikuwa na miaka kumi hivi ami yangu aliponichukua kuvua usiku, nje ya Nungwi. Ngalawa yake ilikuwa ya watu wawili, na yule wa pili siku hiyo alikuwa na homa, ndiyo sababu nikapata nafasi. Tulitia nanga ukingoni mwa mwamba. Akateremsha mshipi, akauzungusha mara mbili kwenye kidole gumba cha mguu, akajilaza chali na kofia usoni. Alisoma Ayatul Kursiyyu kwa sauti ya chini, nikamfuatisha kimoyomoyo mpaka mwisho. Kisha akasema, "Ukiona taa ya meli inatujia, niamshe. Usipoona, niache."

"Na mimi nikilala, ami?"

"Hulali wewe. Umepewa zamu."

Pumzi mbili tatu, akawa anakoroma. Nilikitazama kile kidole kwa muda mrefu. Ami mzima alikuwa amelala, kidole peke yake kilikuwa macho. Na ndani yangu, pamoja na woga, kulikuwa na hasira kidogo: mtu mzima anawezaje kumwachia mtoto bahari yote hii?

Wa kwanza kuizunguka dunia peke yake kwa tanga aliitwa Joshua Slocum. Alizaliwa Nova Scotia, Kanada, mwaka 1844, akawa nahodha wa merikebu kubwa mpaka meli za moshi zilipowanyang'anya watu wa tanga riziki yao. Rafiki yake mmoja akampa mashua kuukuu iliyokuwa imeegemezwa kwenye kiwanja huko Fairhaven, Massachusetts, nchi kavu kabisa. Akaijenga upya ubao kwa ubao kwa miezi 13, ikamgharimu dola 553 na senti 62. Urefu wake ulikuwa mita 11 na ushei, jina lake Spray. Alitoka Boston tarehe 24 Aprili 1895, akarudi Marekani Juni 1898, baada ya maili 46,000. Kuogelea hakukujua.

Saa yake ya kuongozea safari ilikuwa ya bati, aliyouziwa dola moja kwa kuwa uso wake ulikuwa umevunjika. Njiani ikapoteza mshale wa dakika. Akaichemsha kwenye maji, ikarudi kutaja saa. Fundi saa yeyote wa Darajani angemfukuza dukani. Lakini mimi huipenda ile saa: imeacha kuhangaika na dakika, inakwambia tu kwamba ni alasiri.

Julai 1895, baada ya kuondoka visiwa vya Azores, Slocum alikula plamu na jibini nyeupe aliyopewa huko. Tumbo likamkata hata asiweze kusimama, na upepo nao ukazidi. Katikati ya maumivu alipunguza tanga, akaiweka mashua kwenye njia yake, ndipo akashuka na kujitupa sakafuni. Alipofumbua macho aliona mtu mrefu amesimama kwenye usukani, mwenye kofia nyekundu iliyolalia sikio la kushoto na ndevu nyeusi. Mgeni akamtoa hofu. Akasema yeye ni rubani wa Pinta, mojawapo ya vyombo vya Columbus, na kwamba amekuja kumsaidia. Alale, mashua ataiongoza yeye. Tena akamlaumu kwa kuchanganya plamu na jibini.

(Siku hizi ukisema rubani mtu anafikiria ndege. Neno hili ni la baharini: rubani ndiye ajuaye miamba na milango ya kuingilia, anayepanda chomboni pale ambapo elimu ya nahodha inakoma.)

Kulipokucha Spray ilikuwa imekwenda maili 90 kwenye bahari mbaya, na haikuwa imepotea njia. Slocum akazichukua plamu akazitupa baharini.

Wapo watakaosema ni sumu ya chakula. Slocum mwenyewe alikisimulia kisa hiki kwa mzaha, na sioni haja ya kukitafutia ushahidi. Kinachonigusa ni mpangilio wake. Rubani hakuja wakati nahodha ana nguvu. Wala hakuja kabla tanga halijapunguzwa. Kila chuo cha pwani yetu kinawafundisha watoto habari ya yule bedui aliyemwacha ngamia wake bila kumfunga akidai anamtegemea Mungu, na jibu alilopewa na Mtume: mfunge kwanza, kisha umtegemee Mungu. Mtu mwenye tumbo linalomkata, anayepunguza tanga kwa mikono inayotetemeka, huyo anamfunga ngamia. Baada ya hapo kilichobaki si chake.

Miaka miwili baadaye aliingia bahari yetu. Juni na Julai 1897, msimu ambao huku kwetu kusi limeshika, alitoka kisiwa cha Thursday kaskazini mwa Australia akaelekea visiwa vya Cocos. Maili 2,700, siku 23. Muda wote aliokaa kwenye usukani, ukiujumlisha, haukuzidi masaa matatu. Mashua ilijiendesha yenyewe huku yeye akisoma, akipika, akilala. Nimejaribu kuziwaza siku hizo 23 na siwezi. Mimi siwezi kukaa kwenye kiti cha nyuma cha teksi bila kukanyaga breki ya kufikirika.

Waliomfuata walitengeneza kifaa cha kazi hiyo: bapa jembamba linalosimama nyuma ya chombo na kugeuzwa na upepo, likiunganishwa na usukani kwa kamba. Bapa hilo halijui dira. Linajua upepo tu. Ukikiweka chombo upepo ukikipiga ubavu wa kulia, litahakikisha ubavu huo ndio unaopigwa. Upepo ukihama usiku, chombo nacho kinahama taratibu, bila mtikisiko wa kumwamsha mtu, na nahodha anaamka akielekea kwingine kabisa. Nimewahi kuamka hivyo nikiwa nchi kavu, tena baada ya miaka, si baada ya usiku mmoja.

Karibu na njia za meli hata bapa halitoshi. Meli ikichomoza kwenye upeo wa macho yaweza kukufikia ndani ya dakika 20, kwa hiyo wengi hulala vipande vipande, kengele ikiwa sikioni. Waamka, watazama, walala. Usiku mmoja unagawika kuwa vifo vidogo ishirini na kufufuka mara ishirini. Wazee walisema usingizi ni ndugu wa mauti, na sisi tulio ndani ya kuta nne tumelisikia neno hilo mpaka limekuwa kama kikombe cha kila siku.

Udogo wa chombo unalirudishia ukali wake. Serge Testa alitoka Brisbane mwaka 1984 kwa chombo cha aluminiamu alichokiunda mwenyewe, Acrohc Australis, akarudi 1987 baada ya siku 500 baharini. Urefu wake mita 3.6. Vitanda viwili vya futi sita ukivipanga mstari mmoja vinakipita kidogo. Ngalawa ya ami ilikuwa ndefu zaidi. Mtu akilala humo, baina ya sikio lake na bahari kuna bati tu, na chini ya bati, maili kadhaa za giza.

Mwaka 1968 watu tisa walifunga safari, kila mmoja na chombo chake, kushindana kuizunguka dunia peke yao bila kutua popote. Alimaliza mmoja, Robin Knox-Johnston, kwa siku 312, na mashua ya msaji iliyoundwa Bombay ikiitwa Suhaili, ambalo ni jina la upepo kwa mabaharia wa Ghuba. Wazee wetu nao walisema suheli. Bernard Moitessier, Mfaransa aliyezaliwa Hanoi, alikuwa na nafasi nzuri ya kushinda, akarusha barua kwa manati kwenye meli karibu na Cape Town kwamba harudi, akaendelea mpaka Tahiti. Wengi humsifu. Mimi huwa namfikiria zaidi mkewe aliyekuwa akingoja.

Lakini katika wale tisa anayeninyima usingizi ni Donald Crowhurst. Chombo chake hakikuwa tayari, madeni yalikuwa yanamsubiri nyumbani. Akabaki Atlantiki akizungukazunguka. Redioni alitangaza mahali asipokuwapo, na kwenye daftari aliandika alipokuwapo kweli. Tarehe 10 Julai 1969 chombo chake kilikutwa kinaelea, tanga moja limetwekwa, ndani hamna mtu. Sisi tuliolelewa tukiambiwa kuna malaika wawili begani, kila mmoja na kalamu yake, tunaogopa daftari kwa namna yetu. Crowhurst alikuwa na daftari zito peke yake katikati ya maji, na hakuna pa kulificha. Sina neno la kumhukumu. Najiuliza tu alikuwa akifumbaje macho, usiku, akijua kwamba walimwengu wanamwona mahali pengine.

Kisha kuna siku moja na usiku wake, Novemba 2022, huko kusini-mashariki ya Afrika Kusini, katika mashindano mengine ya namna hiyo. Tapio Lehtinen wa Finland aliamshwa na kishindo, akakuta maji yanaingia kwa tezini. Dakika chache tu, mashua yake ikazama, naye akabaki kwenye chelezo cha kuokolea, bahari imemzunguka pande zote. Aliyekuwa karibu zaidi alikuwa Kirsten Neuschäfer, mwanamke wa Afrika Kusini, na ukaribu wenyewe ni maili kama 100. Akageuza. Usiku ule hakulala. Alishika usukani kwa mkono wake mpaka asubuhi, akamkuta. Walikunywa ramu pamoja, akamkabidhi kwenye meli ya mizigo, akaendelea na safari yake. Aprili 2023 alifika wa kwanza. Mimi huishia pale usiku, kwenye ule mkono ulioshika usukani kwa ajili ya mtu aliyeelea gizani bila kumwona anayemjia.

Slocum alipopita Pretoria alipelekwa kwa Rais Kruger wa huko, aliyeamini kwamba dunia ni bapa. Aliposikia mgeni anaizunguka dunia, Kruger akamkosoa: haiwezekani, labda anazunguka ndani ya dunia. Watu wamecheka kisa hiki tangu siku ile, na Slocum mwenyewe alikifurahia sana. Lakini kisimulie kwa Kiswahili. Si kuizunguka dunia, ni kuzunguka duniani. Silabi mbili tu, na mzee mbishi anaanza kusikika kama shekhe. Nani amewahi kutoka nje yake akaizunguka? Enda tezi na omo, wanasema wa pwani, marejeo ni ngamani: kule chini, maji machafu yanakojikusanya, ndiko kila baharia anakorudi na kata yake ya kufulia maji.

Novemba 1909, akiwa na miaka 65, Slocum alitweka tanga tena pale Martha's Vineyard, peke yake, kwa Spray ile ile. Hakuonekana tena. Hakuna ajuaye kama lililompata lilimkuta macho au amelala.

Usiku ule wa Nungwi mimi nililala. Nakumbuka nikihesabu mwako wa mnara wa taa, kisha nakumbuka matlai likinipuliza shingoni na mbingu imekuwa kijivu. Niliinuka kwa mshtuko. Ami alikuwa pale pale, chali, kofia usoni, mshipi kidoleni, anakoroma kama nilivyomwacha. Nilishukuru kwamba hakujua. Nikakaa wima, nikatazama huku na huku kama mlinzi hodari, nikiandaa la kusema akiamka. Ilichukua muda kutambua kwa nini sisikii baridi. Kikoi chake kilikuwa juu yangu, kimechomekwa vizuri pande zote mbili. Na kule ngamani, kwenye maji kidogo, walikuwamo changu watatu ambao nilipolala hawakuwapo.